Meli za Gesi za Mto Rhine: Kwa Nini Baharia Alale Vizuri

Mto Rhine, uanzao katika milima ya Uswisi na kumwaga maji yake katika Bahari ya Kaskazini, ni mojawapo ya njia kuu za uchukuzi barani Ulaya. Miongoni mwa vyombo vipitavyo humo mchana na usiku zimo meli zichukuazo propani na butani hadi kwenye viwanda vya kemikali. Huko tezi, nyuma ya matangi, ipo nyumba ndogo yenye madirisha. Hiyo ndiyo maskani ya mabaharia, nayo humtatiza mhandisi sawa na matangi yenyewe.

Tuanze na mzigo. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 za sentigredi chini ya sifuri. Ili ibaki kimiminika katika joto la kawaida, hufungiwa chini ya kanieneo kubwa, kama ilivyo katika mtungi wa gesi ya kupikia. Kwenye nyuzi 20, kanieneo hiyo hupita mara nane ya ile ya hewa inayotuzunguka. Ukuta bapa ungebenuka kwa msukumo huo. Kwa hiyo matangi hufanywa kuwa ya mviringo. Lakini matangi ya mviringo hayajazi vema umbo la meli. Tena propani ya kimiminika ina nusu tu ya uzito wa maji, hivyo tani chache huhitaji nafasi kubwa.

Nafasi yenyewe ina mipaka. Meli nyingi za Rhine zina urefu wa meta 110 na upana wa meta 11.45, ili ziweze kupita katika vizuizi vya maji vyenye upana wa meta 12. Kila meta wanayopewa mabaharia hupunguzwa katika shehena. Hapo ndipo mwenye meli huingiwa na kishawishi cha kuwabana.

Hata hivyo, meli isafiriyo saa 24 huendeshwa kwa zamu. Mmoja ashikapo usukani, mwenzake hulala meta chache tu kutoka kwenye injini. Kanuni za kiufundi za Ulaya zinataka kelele katika chumba cha kulala isizidi desibeli 60. Yafaa ikumbukwe kwamba kila desibeli 10 zinazoongezeka huzidisha nguvu ya sauti mara kumi. Basi, ikiwa chumba cha injini kina desibeli 100, ni lazima nguvu hiyo ipunguzwe hadi sehemu moja ya 10,000. Kuta nene peke yake hazitoshi, kwa kuwa mtetemo husafiri ndani ya chuma chenyewe. Dawa yake ni kuikata njia hiyo: injini huwekwa juu ya mipira, na mara nyingine nyumba nzima hukalishwa juu ya mipira au springi.

Hatari ya pili ni gesi inayovuja. Molekuli ya propani ina uzito wa 44, na wastani wa hewa ni 29. Kwa hiyo propani hutambaa chini na kujikusanya mabondeni. Mkataba wa Ulaya kuhusu uchukuzi wa bidhaa za hatari katika maji ya bara, uliofikiwa Geneva mwaka 2000, umeweka kanuni za ujenzi wa meli hizi. Nyumba hutengwa na eneo la shehena. Penye hatari ya gesi, hewa safi ivutwayo kutoka mahali salama husukumwa ndani mpaka kanieneo ya chumbani izidi ya nje kwa kilopaskali 0.1. Hivyo hewa hutoka kupitia nyufa, na gesi haipati mwanya wa kuingia.

Sasa tuwaze siku ya kiangazi. Nyumba ya chuma iliyofungwa huwa tanuri, na baharia aliyechoka atafungua dirisha. Papo hapo kanieneo ya ziada hutoweka, na kinga nayo imekwisha. Kwa hiyo mtambo wa kupoza hewa, ambao mhasibu angeuita anasa, ndio unaolifanya dirisha libaki limefungwa. Vivyo hivyo, usingizi mzuri ndio unaomwezesha mtu kuisikia kengele ya hatari na kutenda ipasavyo.

Wanafunzi waweza kukipima kilopaskali 0.1 kwa mrija wa umbo la U uliotiwa maji. Tofauti ya kimo cha maji itakuwa kama milimeta 10 tu, nayo yatosha kuizuia gesi mlangoni.