Katibu wa Kudumu ni Nani?

Wengi wetu hapa Ntinda twajua majina ya mawaziri, lakini ukiuliza kazi ya Katibu wa Kudumu, ni wachache watakaojibu. Yeye ndiye mtumishi mkubwa kupita wote katika wizara. Humshauri waziri, huangalia matumizi ya fedha, na huhakikisha yaliyoamuliwa yatendeka. Aitwa wa kudumu kwa sababu mawaziri huja wakaenda, naye hubaki ili kazi isikatike. Kwa hiyo hapaswi kuwa mtu wa chama.

Tutazame mfano wa Bwana Frank Kalimuzo, mzaliwa wa Kisoro. Baada ya Uhuru wa 1962 alikuwa Katibu wa Kudumu katika ofisi ya Waziri Mkuu, Milton Obote, tena Katibu wa Baraza la Mawaziri. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, Makerere ikawa chuo kikuu chenye kujitegemea, naye akawa Makamu wa Mkuu wa Chuo.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa Serikali. Kalimuzo aliendelea na kazi yake, kama ilivyo desturi ya mtumishi wa umma. Lakini chini ya Amin, aliyemtumikia Obote alihesabiwa kuwa mtu wa Obote. Mwezi wa Oktoba 1972 alikamatwa, asionekane tena.

Basi, ndugu msomaji, cheo cha kudumu hakimlindi mtu. Kinachomlinda ni sheria, na watawala wanaokubali kuitii.