Udongo wa Fukushima: Wanajuaje kiroba kimoja kina mionzi kiasi gani?

Ukienda kununua mahindi ya jumla, huwezi kumwaga kila gunia chini ulikague. Unachoma gunia kwa bambo, unatoa punje chache, unaziangalia, halafu unaamua. Japan wana kazi inayofanana na hiyo, ila magunia yao ni mamilioni, na kilichomo ndani ni udongo wenye mionzi.

Udongo huo umetoka wapi?

Machi 11, 2011, tetemeko la ardhi na tsunami viliharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Vitu vyenye mionzi vilipaa hewani, vikatua kwenye mashamba, viwanja vya shule na makazi ya watu.

Kinachosumbua mpaka leo ni sesiamu. Hii hung'ang'ania chembe za mfinyanzi na kubaki karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo wafanyakazi walikwangua tabaka la juu, kama sentimita 5 hivi, wakalijaza kwenye viroba vikubwa vyeusi. Kiroba kimoja kinabeba karibu mita moja ya ujazo.

Kuanzia 2015 udongo huo ulianza kupelekwa kwenye hifadhi ya muda katika miji ya Okuma na Futaba, kuzunguka kituo chenyewe. Umefika takriban mita za ujazo milioni 14.

Kwa nini namba ni muhimu?

Mstari unaogawa udongo huo ni bekereli 8,000 kwa kilo. Bekereli moja maana yake ni atomi moja inayovunjika kila sekunde. Udongo ulio chini ya kiwango hicho, serikali inataka utumike kwenye ujenzi, kwa mfano tuta la barabara, ukifunikwa na udongo safi. Ulio juu yake unahitaji uangalizi mkali zaidi. Karibu robo tatu ya udongo wote uko chini ya mstari huo.

Wanapimaje?

Njia ya haraka ni kuweka kipimo cha mkononi kwenye ubavu wa kiroba, kusoma mionzi inayotoka, kisha kutumia hesabu maalumu kukisia kilichomo ndani kulingana na uzito. Inachukua muda mfupi tu, na kiroba hakifunguliwi.

Njia ya uhakika zaidi ni ya bambo: unachota udongo kidogo, unaupeleka maabara, unawekwa kwenye mashine inayotambua mionzi ya gama ya sesiamu. Majibu ni sahihi, lakini ni ya ule udongo uliochotwa tu. Ndiyo maana njia hizi mbili hutumika pamoja: sampuli za maabara zinasaidia kusahihisha hesabu ya kipimo cha nje.

Kipimo kinadanganywa na nini?

Kwanza, udongo wenyewe. Mionzi inayotoka katikati ya kiroba humezwa njiani, kwa hiyo kipimo cha nje kinaona zaidi kilicho pembeni. Donge lenye mionzi mikali likikaa katikati, linaweza kujificha.

Pili, majirani. Kiroba kikipimwa katikati ya vingine, namba inapanda kwa mionzi isiyo yake.

Tatu, maji. Udongo ulioloa ni mzito. Bekereli zilezile zinagawanywa kwa kilo nyingi zaidi, na namba inashuka. Kumbe mionzi haijapungua hata kidogo!

Muda nao unahesabiwa

Sesiamu iko ya aina mbili. Sesiamu 134 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 2 hivi, na sasa imebaki kidogo sana. Sesiamu 137 huchukua miaka 30. Kwa hiyo hesabu iliyotumika 2012, aina zote mbili zikiwepo kwa wingi, haifai kutumika leo bila kurekebishwa.

Chukua mfano: udongo uliokuwa na bekereli 10,000 za sesiamu 137 kwa kilo mwaka 2015 utashuka chini ya 8,000 baada ya takriban miaka 10. Ukifika 2045 utakuwa na 5,000.

Kazi iliyobaki

Mwaka 2045 una uzito wake. Sheria ya Japan inasema ifikapo Machi mwaka huo, udongo wote uwe umeondolewa mkoani Fukushima. Watu wa Okuma na Futaba walikubali ardhi yao itumike kwa sababu ya ahadi hiyo.

Shida ni nani ataupokea. Mwishoni mwa 2022 serikali ilitangaza majaribio Tokorozawa na Shinjuku, wakazi wakapinga. Julai 2025 udongo kidogo ulipelekwa kwenye bustani ya ofisi ya waziri mkuu, Tokyo, kuonyesha watu kwamba hauna hatari.

Mwenye mahindi anaweza kukuruhusu uchome gunia lingine ukiwa na wasiwasi. Mkazi anayeletewa udongo huu hana bambo. Anachopewa ni namba, na ana haki ya kuuliza: mlichota wapi, lini, na ulikuwa mkavu au umeloa?