Simu na Usukani: Kwa Nini Sheria Iweke Katazo Lililo Wazi

Wahenga walisema mshika mbili, moja humponyoka. Katika barabara za leo msemo huo umepata sura mpya: dereva aliyeshika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Kinachomponyoka mara nyingi si simu, bali chombo anachokiendesha, pamoja na usalama wa abiria wake na wa watu wanaotembea pembezoni mwa barabara.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 inaonesha kuwa ajali za barabarani huua takribani watu milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa vyanzo vinavyotajwa na Shirika hilo ni kupotea kwa umakini wa dereva, hususan kutokana na matumizi ya simu za mkononi.

Ili kuelewa ukubwa wa hatari hiyo, hesabu ndogo inatosha. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao ndio ukomo kwa mabasi ya abiria nchini Tanzania, hupita takribani mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde tano ili asome ujumbe mfupi, basi hilo litakuwa limekwenda mita 111 bila macho barabarani, umbali unaozidi urefu wa kiwanja cha mpira wa miguu. Hata katika maeneo ya makazi ambako ukomo ni kilomita 50 kwa saa, sekunde mbili tu ni sawa na mita 28. Ndani ya umbali huo kuna kivuko cha waenda kwa miguu, mtoto anayetoka shule na mama muuza mboga aliyeweka beseni lake kando ya lami.

Simu humwondolea dereva vitu vitatu kwa wakati mmoja. Macho huhama kutoka barabarani kwenda kwenye kioo cha simu. Mkono huacha usukani. Akili nayo huhamia kwenye mazungumzo. Hasara ya tatu ndiyo ngumu kuitambua, kwa kuwa dereva anaweza kutazama mbele na bado asione kilicho mbele yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine uliwachunguza madereva 699 wa jijini Toronto, Canada, waliokuwa wamepata ajali, na kulinganisha muda wa ajali zao na kumbukumbu za simu walizopiga au kupokea. Ulibaini kuwa uwezekano wa kupata ajali wakati wa kutumia simu ulikuwa mara nne zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 2005 uliofanyika Perth, Australia, kwa madereva 456 waliofikishwa hospitalini baada ya ajali, ulifikia matokeo yanayofanana. Tafiti zote mbili hazikuona kuwa kuzungumza bila kushika simu mkononi kulikuwa salama zaidi.

Wapo wanaohoji tofauti iliyopo kati ya kuzungumza na simu na kuzungumza na abiria aliyeketi kiti cha mbele. Tofauti ni kwamba abiria anaiona barabara. Lori linapojitokeza kwenye kona, abiria hunyamaza, na pengine humtahadharisha dereva. Aliye upande wa pili wa simu haoni lori wala kona. Ataendelea kuuliza, na dereva atahisi analazimika kujibu.

Swali linalofuata ni iwapo hatari hiyo inahitaji katazo mahsusi la kisheria, au kama elimu na vifungu vya jumla vinatosha. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ilitungwa mwaka 1973. Simu za mkononi ziliingia nchini takribani miongo miwili baadaye. Walioiandika hawakuweza kukitaja chombo ambacho hakikuwapo. Walichokiweka ni makosa ya jumla, likiwamo la kuendesha kwa uzembe na la kuendesha kwa namna ya hatari. Vifungu vya aina hiyo vina manufaa yake, kwa sababu vinaweza kugusa jambo lolote linalohatarisha watu.

Hata hivyo, kosa la jumla lina mzigo wa ushahidi. Askari anayemtuhumu dereva kwa uzembe hana budi kuonesha jinsi uendeshaji wake ulivyopungukiwa na uangalifu. Mara nyingi uthibitisho huo hupatikana baada ya ajali, wakati madhara yameshatokea. Katazo lililo wazi hubadili mpangilio huo, kwa kuwa kushika simu chombo kikiwa barabarani kunakuwa kosa lenyewe, hata kabla mtu hajagongwa. Dereva naye hunufaika, kwani anajua mpaka ulipo na hategemei tafsiri ya askari aliyemsimamisha.

Huo ndio mwelekeo wa kimataifa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu Usafiri wa Barabarani, kufuatia marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2006, unataka sheria za nchi wanachama zikataze dereva kutumia simu aliyoishika mkononi wakati chombo kinatembea. Nchini Kenya, kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinalitaja kosa hilo kwa jina na kuliwekea faini ya Shilingi 2,000 za nchi hiyo. Afrika Kusini nayo inakataza kushika simu wakati wa kuendesha, lakini inaruhusu vifaa visivyohitaji kushikwa.

Pamoja na hayo, katazo lililoandikwa vibaya linaweza kuacha mwanya. Uingereza ilipiga marufuku simu ya mkononi kwa madereva mwezi Desemba 2003, na kanuni zake zilijengwa juu ya dhana ya mawasiliano. Mwaka 2019, Mahakama Kuu ilikubali kuwa dereva aliyetumia simu yake kupiga picha za video za ajali hakuwa ametenda kosa hilo, kwa kuwa hakuwa akiwasiliana na mtu. Ilibidi kanuni ziandikwe upya, na tangu Machi 2022 kushika na kutumia simu kwa shughuli yoyote, iwe kupiga picha, kucheza mchezo au kutafuta wimbo, ni kosa. Funzo lililopo ni kwamba sheria ikataze tendo la kushika na kutumia kifaa, badala ya kuorodhesha matumizi ambayo teknolojia itayapita baada ya miaka michache.

Kwa mazingira ya Tanzania, yapo mambo mengine yanayohitaji kufikiriwa. La kwanza ni foleni. Madereva wengi wa Dar es Salaam hutoa simu magari yanaposimama, wakiamini kuwa gari lisilotembea halina hatari. Lakini foleni husogea ghafla, na bodaboda hupita katikati ya magari wakati wowote. Nchini Uingereza katazo linamhusu pia dereva aliyesimama kwenye taa. La pili ni bodaboda wenyewe, ambao baadhi yao huchomeka simu ndani ya kofia ngumu na kuendelea kuzungumza. Katazo linalozungumzia mkono pekee halitamgusa dereva huyo, ingawa akili yake iko mbali na barabara.

La tatu ni riziki. Dereva wa teksi za mtandao hupokea wateja kwa simu na huongozwa na ramani iliyomo humo. Kumnyima kabisa kifaa hicho ni kumnyima kazi. Njia inayotumika katika nchi nyingi ni kuruhusu simu iliyofungwa kwenye kishikio imara, safari ikiwa imepangwa kabla ya kuondoka. La nne ni dharura: mtu anayepiga namba 112 kuomba msaada, mahali ambapo kusimama kungeongeza hatari, hapaswi kuhesabiwa mkosaji.

Jambo la tano husahaulika mara nyingi, nalo ni mtu anayepiga simu. Dereva wa basi au lori hupigiwa na mmiliki anayetaka kujua gari limefika wapi, na wakala anayeulizia mzigo. Faini inayomwangukia dereva peke yake humwacha mwajiri huru kuendelea kupiga. Utaratibu wa kampuni unaozuia kumpigia dereva aliye safarini, na kumtaka awasiliane akifika kituo cha mapumziko, ungeondoa chanzo cha kosa.

Sheria peke yake haitoshi bila usimamizi. Jimbo la New York lilikuwa la kwanza nchini Marekani kukataza simu za kushika mkononi, mwaka 2001. Watafiti waliohesabu madereva barabarani walibaini kuwa waliokuwa wakitumia simu walipungua kutoka asilimia 2.3 hadi 1.1 miezi michache baada ya katazo, kisha wakapanda tena hadi asilimia 2.1 mwaka mmoja baadaye. Jijini Washington, ambako katazo la mwaka 2004 liliambatana na usimamizi mkali zaidi, kiwango kilishuka kutoka asilimia 6.1 hadi 3.5, na mwaka mmoja baadaye kilikuwa asilimia 4.0. Madereva hutii sheria wanayoiona ikifanya kazi.

Tanzania imeshaonja manufaa ya usimamizi wa aina hiyo. Mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), huonesha mwendokasi wa basi likiwa njiani. Lakini mfumo unaopima mwendo hauoni simu iliyo mkononi mwa dereva. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianza mwezi Machi 2020 kutoza faini kwa kutumia kamera zinazobaini simu ndani ya magari. Kabla ya kufikia teknolojia hiyo, jicho lililo karibu zaidi ni la abiria. Yeye ndiye anayemwona dereva akiinamia simu, na ana haki ya kumtaka aiweke chini au kutoa taarifa kwa askari wa usalama barabarani.

Ni kawaida kusikia msibani kwamba ajali haina kinga. Zipo ajali ambazo kauli hiyo inazifaa. Ajali iliyosababishwa na ujumbe ambao ungeweza kusubiri hadi kituo kinachofuata si mojawapo. Kinga yake inajulikana, nayo ni nyepesi: simu ipumzike hadi gari liegeshwe mahali salama. Kazi ya sheria ni kulifanya jambo hilo kuwa wajibu wa kila dereva, badala ya kuwa hiari ya wachache walio waangalifu.