Mutoto anataka kutengeneza ndege: diplome peke yake haitoshi



Kila mwaka, wakati matokeo ya ekzame ya Serikali yanatoka, sisi madelege wa sendika tunaanza kupokea maulizo ya wazazi. Zamani ulizo lilikuwa moja tu: «Delege, mungodi itakamata watoto wetu lini?» Sasa kuna lingine. Watoto wa kwetu wanaona ndeke zinapita juu ya terili kwenda kushuka Luano, na wanasema: «Mimi nataka kutengeneza ile.» Njo wazazi wanatuuliza: njia iko wapi, inakamata miaka ngapi, na nani anatoa ruhusa?

Ni ulizo nzuri, na linaomba jibu la wazi, juu makuta ya mufanyakazi hayarudi mara mbili. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines kwa mupango wa «départs volontaires», tuliona namna feza ya miaka makumi mbili ya kazi inaweza kuisha mbele ya mvua kurudi. Na hivi karibuni mwenzetu mumoja, mutu wa kuendesha mashini kubwa, aliuza parseli yake ili mutoto asome «aviation» kwa miezi sita. Mutoto alirudi na karatasi nzuri, yenye picha ya ndege na kashe mbili. Alipoifikisha ku hangari, walimuuliza: «Karne yako ya kazi iko wapi?» Hakujua hata hiyo karne ni kitu gani.

Kwa hiyo tuelezane pole pole.

Lisansi hii si ile ya universite

Kwetu Kongo, mutu akisema «lisansi», tunafikiri miaka ya universite na sherehe ya koleasio. Katika kazi ya ndege, lisansi ni kitu kingine. Iko sawa na permi ya kuendesha kamio. Unaweza kujua kuendesha vizuri sana, lakini bila permi barabara si yako. Masomo yanakupa elimu na diplome. Lisansi inatolewa na Serikali, kwa mukono wa ofisi yake ya ndege, kisha kuhakikisha umri, elimu, mitihani na kazi uliyofanya kwa mikono.

Kanuni ya musingi inatoka ku OACI, shirika la inchi zote kwa mambo ya ndege, lenye makao yake Montréal, Kanada. Lilizaliwa kwa mapatano ya Chicago ya tarehe 7 Desemba 1944. Mapatano hayo yana viongezo vingi, na kile cha kwanza kinasema juu ya lisansi za watu wa kazi: wanaoendesha ndege, wanaoziongoza kutoka chini, na mafundi wanaozitengeneza. Kwa fundi, kiongezo hicho kinaacha kila inchi ichague jina: «technicien», «mécanicien» ao «ingénieur». Majina ni matatu, lisansi ni moja. Basi mukisikia mutu wa Nairobi anaitwa «enjinia wa ndege», musifikiri lazima alisoma miaka mitano ya universite. Wengi walianza na diplome ya tekniki kama vile watoto wenu.

OACI inaomba nini? Umri wa miaka 18. Elimu ya sheria za ndege, ya hesabu na fizika, ya injini na mwili wa ndege, ya kazi ya kutengeneza, na ya tabia ya mutu kazini. Kisha inaomba miaka 4 ya kazi ya kweli ya kuchunguza na kutengeneza ndege, ao miaka 2 kwa yule aliyemaliza masomo yaliyokubaliwa na Serikali. Soma tena: hata mwenye masomo mazuri, miaka 2 ya mikono haiepukiki. Mutu anayekuahidi lisansi kwa miezi sita anakudanganya.

Namna Ulaya inavyopanga

Inchi nyingi zinafuata ao kuiga kanuni za Ulaya, na kuzijua kunasaidia kuelewa kazi yenyewe. Kule lisansi iko na madaraja. A ni ya kazi ndogo ndogo za kila siku: kubadilisha tairi, taa, vitu vyepesi, kwa mambo yale tu fundi aliyofundishwa. B1 ni ya mekanisie wa kweli: injini, mwili wa ndege, idroliki, breki, magurudumu, na kuranti inayoendesha vyombo hivyo. B2 ni ya mutu wa elektroniki: redio, vyombo vya kuongoza, pilote otomatiki. C ni ya yule anayesimamia kazi kubwa, wakati ndege inafunguliwa yote mu hangari.

Masomo kamili ya B1 kwa ndege za turbini yanakamata saa 2,400, karibu nusu yake mu atelie. Mitihani ni ya kuchagua jibu, na lazima upate 75 kwa mia. Kwetu mutoto akipata 60 tunachinja kuku. Kule 60 ni kurudi kusoma.

Sasa sikieni neno hili, ninyi wa atelie za mungodi. Mutu asiyepita ku masomo yaliyokubaliwa, kanuni ya Ulaya inamuomba miaka 5 ya kazi ku ndege zinazotumika, mbele ya kupata hiyo B1 ya turbini. Lakini kama tayari alifundishwa ufundi wa tekniki, na ofisi ya ndege ikakubali kwamba ufundi huo unafaa, miaka 5 inakuwa 3. Mikono ya ajisteri, ya elektrisie, ya mutu wa idroliki haihesabiwi bure. Mafuta yanayosukuma benne ya kamio ya tani 100 na mafuta yanayokunja magurudumu ya ndege yanafuata fizika moja. Mutihani hata hivyo haukwepwi.

Kisha kupata lisansi, kazi haijaisha. Mutu aliyejifunza Airbus A320 hawezi kutia sinyature ku Boeing 737 bila kufundishwa aina hiyo. Lisansi ya Ulaya inadumu miaka 5, na fundi anapashwa kuonyesha kwamba katika miaka 2 iliyopita alifanya kazi angalau miezi 6. Mikono inayolala inapoteza haki ya kutia sinyature.

Bulo 84

Juu ya nini ukali wote huu? Niwape mufano mumoja unaojulikana na mafundi wa ndege wa dunia nzima. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways ilitoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Espanya, na watu 87 ndani. Ilikuwa ingali inapanda, karibu metre 5,300, wakati kioo cha mbele kiliruka. Hewa ilimuvuta komanda inje mpaka kiuno. Wafanyakazi wenzake walishika miguu yake karibu dakika 20, mpaka mwenzake wa kuendesha akashusha ndege Southampton. Watu wote walipona, hata komanda, na alirudi kazini.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa usiku, saa 27 mbele ya ajali. Kilishikwa na bulo 90. Bulo 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyopashwa, kwa tofauti isiyofika milimetre moja. Nyingine 6 zilikuwa fupi. Aliyezitia hakuwa mwanafunzi. Alikuwa shefu wa ekipe, mutu wa miaka mingi ya kazi. Mu depo alichagua bulo kwa kulinganisha na ya zamani kwa macho, hakufungua kitabu cha vyombo. Na kwa kazi ile, kanuni haikuomba mutu wa pili kuja kuangalia.

Mu mungodi tunajua bulo ya namna hii. Ni ile kapita anasema: «Tia tu, itashika.» Na mara nyingi inashika. Hatari iko pale: inashika mara mia, mpaka siku moja.

Mufano mwingine ulikuwa na uchungu zaidi. Tarehe 12 Agosti 1985, Boeing 747 ya Japan Airlines ilianguka mulimani. Watu 520 walikufa, 4 tu walipona. Sababu ilianza mwaka 1978, wakati ukuta wa nyuma unaozuia hewa ulitengenezwa vibaya: kibati cha kuunganisha kilikatwa, na pale palipohitaji safu mbili za riveti, safu moja tu ilibeba nguvu. Ndege iliruka miaka 7 na kosa lile ndani.

Sinyature na haki ya kukataa

Kila kazi ku ndege inaishia na karatasi ya kuiruhusu irudi kazini, ile wenye Kifaransa wanaita APRS. Mwenye lisansi anatia sinyature yake na namba yake. Kutoka pale, jina lake linasafiri na abiria. Ndege ikianguka kisha miaka 7, karatasi bado iko.

Hapa sisi watu wa sendika tuna neno. Sinyature iko na maana paka wakati mutu anaweza kuikataa. Fundi ambaye shefu anamusimamia kichwani na saa mukononi, ambaye hakulala, ambaye hajalipwa miezi mitatu, sinyature yake ni wino tu. Wakubwa wa kazi ya ndege wenyewe wamekubali jambo hili: ndiyo sababu masomo ya «facteurs humains» ni ya lazima. Wanafunzi wanafundishwa orodha ya sababu 12 za makosa iliyotoka Kanada. Ndani yake kuna uchovu, haraka ya wakubwa, kukosa vyombo, kukosa kusemezana, na kukosa nguvu ya kusema hapana. Someni orodha hiyo, kisha muniambie kama haikuandikwa chini ya shimo.

Kuna hata vitu tunavyofanana kabisa. Wale waliofanya kazi chini wanakumbuka lampisteri: taa moja isiporudi, mutu mumoja bado iko chini, na hakuna anayelala. Mu hangari ni hivyo na kle. Kila kle iko na mahali pake pamechorwa ku bao. Kazi ikiisha na mahali pamoja pako wazi, ndege haitoki mpaka kle ionekane. Mutoto aliyekomea katika nyumba ya mufanyakazi wa mungodi anaelewa sheria hii mbele ya mwalimu kuifundisha.

Na kwetu Kongo?

Kwetu, sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 njo inapanga mambo ya ndege, na ofisi inayotoa lisansi ni Autorité de l'Aviation Civile, AAC, ku Kinshasa. Kinshasa pia kuna ISTA, yenye kufundisha mambo ya ndege. Inje ya inchi, Ethiopian Airlines iko na masomo makubwa ya mafundi Addis Abeba, na Dar es Salaam kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji.

Tusifiche magumu. Tangu 2006, makampuni ya ndege yenye ruhusa ya Kongo yamekatazwa kuingia Ulaya, juu Ulaya inasema uangalizi wa Serikali yetu hautoshi. Hiyo haimaanishe mafundi wetu hawajui kazi. Inaonyesha kwamba fundi muzuri bila ofisi yenye nguvu nyuma yake anahesabiwa pamoja na wabaya. Magumu ya pili ni nafasi ya kufanya mazoezi: ndege za kwetu ni chache, na vijana wanaotafuta kujaza karne ni wengi. Ya tatu ni luga. Vitabu vya kutengeneza ndege viko kwa Kiingereza, hata vya Airbus, yenye makao yake Toulouse, Ufaransa. Mutoto mwenye Kifaransa na Kiswahili tu aanze Kiingereza leo, asingoje diplome.

Basi nini ya kufanya nyumbani? Mutoto akiingia umanite, achague mekanike, elektrisite ao elektroniki, na asikimbie hesabu. Binti pia: kle ya ndege haiulize nani anaishika. Likizo, atafute mazoezi mu atelie yoyote yenye nizamu, hata ya kamio, apate kuzoea kuandika kila kazi aliyofanya.

Na mbele ya kulipa hata franka moja, mwende wenyewe ku masomo na maulizo haya. Ofisi gani ya Serikali ilikubali masomo haya, na karatasi yake inaisha tarehe gani? Mutoto atatayarishwa kwa daraja gani la lisansi? Injini ya kufungua na kufunga iko wapi, tuione kwa macho? Kisha masomo, hangari gani itamupokea kwa ile miaka 2, na nani atatia sinyature mu karne yake? Wangapi waliosoma hapa leo wako na lisansi mukononi, na tunaweza kusemezana nao?

Majibu mukiyapata, muandike majina na tarehe, kisha mupeleke ulizo lile lile ku AAC kwa barua, muone kama maneno yanalingana. Lakini kama mukubwa wa masomo anakasirika juu munauliza sana, basi jibu mumelipata. Mukamate feza yenu, murudi nyumbani.