Gereji yako ya shambani inataka mwanga uliopangwa, siyo globu moja ya katikati

Kuna wanaoniuliza, "Afisa, wewe ni mtu wa mbegu na mbolea, taa zinakuhusu nini?" Zinanihusu sana. Kijana anayelima kibiashara siku hizi ana pawatila, ana pampu ya maji, ana bomba la mota la kupulizia dawa, na vyote hivyo vinalala kwenye gereji ya nyumbani na ndipo vinapotengenezewa. Mchana mashine iko shambani. Matengenezo yanafanyika lini? Usiku. Pita Mbarali au Kilombero msimu wa kuandaa majaruba ya mpunga, utakuta watu wamepiga magoti pembeni ya pawatila saa mbili usiku, mmoja kashika spana, mwingine kashika simu ya tochi. Kazi ya saa moja inakwenda saa tatu, boliti inaingia kombo, asubuhi mashine inarudi palepale. Na hapo sijagusia habari ya vidole.

Taa za LED zimeshuka bei kiasi kwamba kijana yeyote mwenye pawatila anaweza kuzifunga. Tatizo lipo kwenye mpangilio. Wengi wanakwenda dukani kwanza, halafu wanarudi nyumbani kutafuta pa kuning'iniza. Tuanze upande wa pili: kazi unayofanya, halafu kipimo, halafu ndiyo duka.

Hesabu ya mwanga

Achana kwanza na wati. Wati inakuambia taa inakula umeme kiasi gani, haikuambii inatoa mwanga kiasi gani. Mwanga unaotoka kwenye taa unapimwa kwa lumeni, na namba hiyo imeandikwa kwenye boksi. Mwanga unaofika kwenye meza au sakafu unapimwa kwa luksi, ambayo ni lumeni moja iliyotandazwa kwenye mita moja ya mraba. Kwa karakana, lenga luksi 300 eneo lote, na luksi 500 au zaidi pale mezani unapofungua kabureta au kusafisha nozo za bomba.

Tuchukue gereji ya mita 6 kwa 4. Hiyo ni mita za mraba 24. Zidisha kwa 300, unapata lumeni 7,200. Lakini mwanga wote haufiki chini. Mwingine unanyweka kwenye ukuta wa tofali mbichi, mwingine kwenye bati lenye moshi, mwingine kwenye vumbi juu ya taa yenyewe. Kwa hiyo gawanya kwa 0.6, unapata lumeni 12,000. Taa ndefu ya tyubu ya LED, ile ya mita 1.2 yenye wati 18, nyingi zinatoa kati ya lumeni 1,600 na 1,800. Weka sita kwa ajili ya eneo lote na mbili juu ya meza ya kazi, jumla nane. Ukipata za lumeni 1,800 unakuwa na lumeni 14,400, na hiyo ziada siyo anasa: LED huwa haiungui ghafla kama globu ya zamani, inafifia kidogo kidogo mwaka hadi mwaka.

Umeme je? Tyubu nane za wati 18 ni wati 144. Ukiziwasha saa tatu kila siku, mwezi mzima zinakula uniti 13 hivi. Kama uniti unainunua shilingi 350, hiyo ni kama shilingi 4,550 kwa mwezi. Mwanga huohuo kwa globu za zamani za wati 60 ungetaka globu kama ishirini, yaani wati 1,200, na uniti 108. Fanya hesabu kwa bei unayolipa wewe kwenye LUKU yako.

Na kabla hujaongeza tyubu ya tisa, piga ukuta chokaa. Ukuta mweupe unarudisha mwanga kazini, na ndoo ya chokaa ni rahisi kuliko taa.

Kivuli chako mwenyewe

Gereji nyingi zina taa moja katikati ya dari. Meza ya kazi iko ukutani. Ukisimama mezani, taa iko mgongoni kwako, na kivuli cha kichwa chako kinaangukia palepale kwenye jiriwa. Unaweza kuweka taa kali namna gani, kivuli kitabaki.

Dawa yake ni mahali, siyo ukali. Tyubu za mezani zifungwe zikifuata urefu wa meza, usawa wa ukingo wa mbele wa meza au ndani kidogo kuelekea ukutani, urefu wa mita moja na kidogo juu ya meza. Hapo mwanga unapita mbele ya uso wako, unashuka kwenye mikono.

Kwa mashine yenyewe, usiweke mstari wa taa juu yake katikati. Weka mistari miwili, mmoja kila upande pale mashine inapoegeshwa, tatu huku na tatu kule. Pawatila au gari ukifungua boneti, boneti inakuwa mwavuli, na taa ya katikati haina msaada. Za pembeni zinaingia chini ya mwavuli. Chini kabisa, kwenye beringi za rotavata na sehemu za oil sili, hakuna taa ya dari itakayofika. Hapo tumia taa ya mkononi ya kuchaji, ile yenye sumaku. Usiburute chini ya mashine taa ya umeme wa volti 230 kwenye sakafu yenye maji na mafuta. Nimesema usi-bu-ru-te.

Saketi ya taa iwe peke yake

Hapa naomba tutulie, maana ndipo hatari ilipo.

Fundi wa haraka anavuta waya mmoja kutoka nyumbani, anaupitisha gereji, anafunga taa na soketi kwenye breka moja. Inafanya kazi vizuri, na utamsifu. Siku moja unakata chuma kwa grenda, diski inabana, grenda inavuta umeme mwingi, breka inakata. Grenda imezimika, lakini diski bado inazunguka kwa kasi sekunde kadhaa, na wewe uko gizani tii, umeishika mkononi, mguu wako hujui uko wapi. Saketi ileile ndiyo iliyozima grenda na taa pamoja.

Kwa hiyo taa ziwe na waya wake na breka yake. Kwa taa, waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampia 6 au 10 vinatosha. Soketi ziwe na waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya kwao. Soketi zilindwe pia na ile breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30, maana grenda yenye waya uliochubuka ikigusa mkono wenye jasho hakuna msalie mtume. Hakikisha breka hiyo ya kuvuja haijabeba taa pia, la sivyo umerudi kulekule gizani. Ethi iwepo ya kweli, iliyopimwa, siyo fimbo ya chuma iliyochomekwa kwa ajili ya picha.

Gawa na swichi. Mezani swichi yake, mstari wa kushoto yake, wa kulia yake. Ukiingia kuchukua jembe huhitaji kuwasha zote nane. Na juu ya mlango weka globu moja ya kuchaji, zile zinazobaki zinawaka umeme wa TANESCO ukikatika. Saketi ipangwe vizuri namna gani, umeme wa barabarani hauko mikononi mwako.

Soketi na swichi zikae juu, kifuani au zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na swichi inapobonyezwa inatoa cheche ndogo. Madumu ya petroli yenyewe hayatakiwi mle ndani.

Taa inayopepesa

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa yenye kifaa duni cha kuendeshea inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kichwa kinauma baada ya saa moja. Kibaya zaidi, kwenye kitu kinachozunguka, mpepeso huo unaweza kulingana na mzunguko, ukaona drili au jiwe la kunolea kama limesimama au linazunguka taratibu, kumbe liko kasi kamili. Mtu anapeleka mkono.

Kipimo cha dukani ni rahisi. Mwombe muuzaji aiwashe, fungua kamera ya simu upande wa video, isogeze karibu na taa. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, iache. Au shika kalamu, ipunge haraka mbele ya taa: ukiona kalamu nyingi zimekatikakatika badala ya ukungu mmoja, taa inapepesa. Soma pia boksi. Iliyoandikwa volti 85 hadi 265 inavumilia umeme mdogo wa jioni huku vijijini bila kufifia.

Rangi sitaisemea sana. Kelvini 4,000 hadi 5,000 inafaa karakana. Ile ya 6,500 ni ya buluu, wengine wanaipenda, mimi inanichosha macho. Kipimo cha kuonyesha rangi kiwe 80 au zaidi, usije ukachanganya waya wa kahawia na mwekundu kwenye mota.

Bati, panya na kuku

LED inauawa na joto, hasa kile kifaa cha kuendeshea. Usiibandike taa moja kwa moja kwenye bati au kwenye kenchi iliyogusana na bati. Ining'inize kwa mnyororo au ubao, sentimita 20 hadi 30 chini, hewa ipite. Kama unafua nafaka au kukata mbao karibu, nunua zenye kava la IP65, vumbi haliingii. Waya wote upite ndani ya paipu. Palipo na magunia pana panya, na panya hula waya.

Kama gereji inapakana na banda la matetea wanaokua, ziba matundu ya ukuta. Kuku huanza kutaga kwa kufuata urefu wa mwanga, na taa zako za saa nne usiku zikivuja kule, matetea wanaweza kuanza kutaga kabla miili haijakomaa, ukapata mayai madogo. Nje ya mlango weka globu ya rangi ya njano, nyeupe inaita wadudu. Msimu wa kumbikumbi utanikumbuka.

Usipokuwa na umeme wa gridi

Wati 144 kwa saa tatu ni wati-saa 432. Ukiongeza upotevu wa inveta inafika kama 510. Betri ya risasi ya volti 12, ampia-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600 za kutumia. Inatosha kwa usiku mmoja. Paneli ya wati 200 inairudisha siku ya jua zuri. Grenda na mashine ya kuchomelea usiziguse kwenye mfumo huo, hizo tafutia jenereta.

Fundi na malipo

Mchore fundi gereji yako kwenye karatasi, na mashine na meza zikiwa mahali pake, kabla hajapanda ngazi. Awe na leseni ya EWURA, na akuonyeshe. Kama una taa za zamani za tyubu na unataka kutumia boksi zilezile, aondoe choki na stata, na afuate mchoro wa tyubu mpya: nyingine zinapokea umeme upande mmoja, nyingine pande mbili. Tyubu za zamani zina zebaki, usizivunje wala kuzitupa kwenye shimo la mboji.

Kabla hujamlipa, subiri giza liingie. Washa taa zote, simama mezani, shika spana mbele yako uone kivuli kinaangukia wapi. Kisha zima breka ya soketi, uone kama taa zinabaki zinawaka.