Mb ya Mbuzi, Mb ya Mbũi

Mzazi wa Machakos, Kenya, mwenye mtoto wa chekechea (PP1) akitafuta karatasi za mazoezi kwenye intaneti, nyingi atakazochapisha zimetungwa kwa watoto wa Uingereza na Marekani. Juu pana picha ya tufaha, chini herufi a, na mtoto hufundishwa kuiita "ei". Taabu huanzia hapo.

Herufi ina jina na ina sauti. Anayejua majina peke yake akikutana na "baba" ataunga "bii-ei-bii-ei", na baba hatoki ng'o. Kusoma ni kuunganisha umbo linaloonekana na sauti ambayo sikio limekwisha kuizoea. Mtafiti Mfaransa Stanislas Dehaene ameeleza jinsi sehemu moja ya ubongo, upande wa kushoto kwa nyuma, inavyofunzwa upya kutambua maandishi mtu anapojifunza kusoma. Mafunzo hayo huwa mepesi au magumu kulingana na tahajia ya lugha. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walitoa matokeo ya watoto wa Ulaya waliomaliza mwaka wa kwanza shuleni: Wafini walisoma sawasawa takriban asilimia 98 ya maneno ya kawaida, Waskoti wanaosoma Kiingereza asilimia 34 tu. Kiswahili, ambacho huandikwa kama kinavyotamkwa, kiko karibu na Kifini.

Kikamba, lugha ya nyumbani hapa Machakos, kina mambo yake. Kina irabu saba, zikiwemo ĩ na ũ, na hakina b, d wala g zisizotanguliwa na sauti ya puani. Kina mb, nd, ng. Ndiyo maana mtoto wa Kathiani au Mwala, humu Machakos, anaweza kutamka "mbamba" akikusudia baba. Si mzito wa kuelewa, anatumia sauti alizo nazo. Basi aanze na mb. Picha ya mbuzi inatosha lugha zote mbili, maana nyumbani anaitwa mbũi. B peke yake ije baadaye.

Machakos si mgeni wa kufundisha kusoma kwa lugha ya mama. Mradi wa PRIMR, uliotangulia mpango wa kitaifa wa kusoma, Tusome, wa 2015, ulijaribu kufundisha kusoma kwa Kikamba hapa na kwa Kibukusu kule Bungoma. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kuwa watoto hao waliwazidi wenzao katika kusoma lugha ya mama. Hata hivyo, uchambuzi wa baadaye haukuona Kikamba kikiongeza faida katika Kiingereza wala Kiswahili. Matokeo hayo yasifichwe, ingawa kwangu mimi mtoto kusoma lugha ya bibi yake ni faida tosha.

Tukirudi kwenye karatasi za mazoezi, kasoro ya karatasi yoyote ni kwamba haisemi. Mtoto akiona picha atajibu "mbuzi!" bila kuitazama herufi. Kwa hiyo, mzazi, funika picha kwa kidole, tamka mb, aitamke naye, muunge ma-mba, e-mbe, kisha ndipo umpe penseli.