Amri ya Ulinzi: Kinga Kabla ya Jeraha Linalofuata

Jeraha la mtu aliyepigwa na mwenzi wake mara nyingi si la kwanza, na pasipo hatua huenda lisiwe la mwisho. Ipo dalili ya hatari inayowapita wengi: kukabwa shingo. Ngozi yaweza kubaki bila alama, ilhali sauti imekwaruza, kumeza kuna maumivu na vidoa vyekundu vimejitokeza machoni. Tafiti zimeonyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa naye, na hatari hiyo hupanda anapoamua kuondoka.

Sheria ya jinai huadhibu tendo lililokwisha kutendeka. Amri ya ulinzi hutazama mbele: mahakama humkataza mtuhumiwa kumdhuru, kumtishia au kumfuatafuata mlalamikaji. Kenya ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2015. Chini yake, mahakama yaweza kutoa amri ya muda kabla ya upande wa pili kusikilizwa, na kuivunja amri hiyo ni kosa la jinai.

Tanzania Bara haijatunga sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, lakini hakikuweka adhabu. Katazo lisilo na adhabu ni mlango usio na komeo.

Kwa jicho la tabibu, sheria imara inahitaji mambo matatu. Kwanza, amri ya muda itolewe upesi, kwa kuwa siku za kuondoka ndizo za hatari zaidi. Pili, historia ya kukabwa ipewe uzito hata pasipo alama. Tatu, polisi wapewe wajibu wa kumkamata anayeivunja amri, kwani karatasi peke yake haizuii ngumi.

Wakati sheria ikisubiriwa, aliyekabwa aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu madhara ya mishipa ya shingo yaweza kujitokeza baadaye. Amweleze daktari bayana nani aliyemkaba na kwa namna gani, naye daktari ayaandike yote pamoja na kujaza PF3. Maandishi hayo ni sehemu ya tiba, na kesho yaweza kuwa ushahidi mahakamani.